Niliambiwa bora nikauze dagaa: niache gitaa au niendelee?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Igoma, Mwanza. Napiga gitaa na kuimba kanisani kwetu, na mwisho wa wiki bendi moja ndogo huwa inanichukua kwenye harusi. Miezi miwili iliyopita mwalimu wa kwaya alisimamisha mazoezi akaniambia mbele ya wote kwamba nakimbiza wimbo. Wiki hiyohiyo niliweka video yangu mtandaoni, watu wakanicheka, mmoja akaandika bora nikauze dagaa Mwaloni. Nyumbani kaka yangu anasema muziki si kazi. Tangu hapo sijagusa gitaa. Wenzangu wananiambia nivumilie, wasanii wote wanasemwa. Mimi hata sijui navumilia nini. Nitajuaje kama sina kipaji au wananionea tu? Nimekutumia video yenyewe.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Video yako nimeisikiliza mara nne kabla ya kuandika, mara mbili nikiwa nimefumba macho. Nilichosikia nitakuambia. Ila naomba tuanze na huyo aliyekutuma Mwaloni, maana bila kujua amekupa mahali pazuri pa kuanzia.

Ukipata nafasi shuka Kirumba asubuhi, ingia Mwaloni, simama karibu na akina mama wanaouza dagaa wakavu. Mnunuzi anayejua kazi yake hasemi dagaa ni wazuri au wabaya. Anachota kiganjani, ananusa, anatupia wawili watatu mdomoni, anatafuna. Kisha anasema, "Hawa wana mchanga." Neno hilo linauma kwa sababu linashusha bei. Lakini muuzaji hafungi biashara miezi miwili kwa ajili yake. Anajua mchanga una kipimo: tia dagaa kwenye bakuli la maji, koroga, subiri. Kama upo, utatua chini. Ukitua, basi ameambiwa kweli, na ulikotoka anakujua: dagaa walianikwa chini, ufukweni. Safari ijayo atatafuta walioanikwa juu ya vichanja. Usipotua, mnunuzi alikuwa anatafuta kupunguziwa tu, na bei inabaki palepale.

Wenzako wanaokuambia uvumilie wanakupenda, ila hilo peke yake halitakufikisha mbali. Kuvumilia bila kupima ni kutafuna dagaa na mchanga wao. Meno yanaisha na mchanga haujapungua. Ulipoandika kwamba hujui unavumilia nini, ulishika jambo lenyewe. Kwa hiyo tuchukue ulichoambiwa, kimoja kimoja, tukitie kwenye maji.

La kwanza ni la mwalimu wa kwaya. Nilishika saa nikahesabu mapigo ya wimbo wako kwa sekunde 15, nikazidisha kwa nne. Ubeti wa kwanza una mapigo 22, yaani 88 kwa dakika. Kiitikio cha mwisho kina 26, yaani 104. Wimbo ulioanza kwa mwendo wa mtu anayetoka ibadani umeishia kwa mwendo wa mtu anayewahi kivuko cha Kamanga. Mwalimu wako alikosea mahali pa kulisemea. Angeweza kukuita pembeni mazoezi yakiisha. Jambo lenyewe hakukosea. Mambo haya mawili usiyachanganye, maana uchungu wa kusemwa mbele za watu ndio uliokuzuia kusikia alichosema.

Tena hukimbizi wimbo mzima. Nimefuatilia unapoanzia. Kila unapohama kutoka G kwenda ile kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kubana nyuzi zote kwa kidole cha shahada, unafika mapema. Vidole vinaihofia, kwa hiyo vinaondoka kabla ya wakati ili visichelewe, na sauti yako inavifuata. Mwisho wa mstari, pale unapoweka vile vipambo vya gitaa kabla ya ubeti kurudi, unafanya hivyohivyo. Mara nane au tisa kwa wimbo mmoja, kila mara kidogo tu, na hakuna mahali unaporudisha ulichochukua. Ndivyo 88 inavyokuwa 104 bila wewe kujua. Weka na moyo unaodunda haraka kwa sababu watu wanakutazama, na kanisani pengine husikii ngoma vizuri kwa sababu spika zote zimegeuziwa waumini. Hamia upande wa mpiga ngoma, uone mguu wake.

Utaniuliza, mbona mimi mwenyewe sikusikia? Kwa sababu mwili wako haukuruhusu. Sauti yako unaisikia kwa njia mbili kwa pamoja: kupitia hewa, kama tunavyoisikia sisi, na kupitia mifupa ya kichwa chako, ambayo hubeba zaidi ile sehemu nzito ya sauti. Ndiyo maana mtu akijisikia kwenye simu kwa mara ya kwanza hushtuka, "Mimi ndiye huyu?" Ndiye. Ile sauti nyembamba ya kwenye simu iko karibu zaidi na tunayoipata sisi. Gitaa nalo tundu lake linatazama mbele, kwa wasikilizaji, wewe uko nyuma yake na akili yako yote iko vidoleni. Anayekukosoa amekaa upande ambao wewe huwezi kukaa wakati unapiga. Hata asiyekupenda amekaa upande huo.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Miaka ya 90 nilikuwa napiga solo kwenye bendi ya hoteli moja hapa mjini. Usiku mmoja kiongozi wetu alinitoa kwenye solo, ukumbi umejaa, akanipeleka kwenye ridhimu, gitaa la kushikilia mwendo. Kesho yake akaniambia napiga kama mtu anayekimbia mvua. Nilimchukia majuma matatu. Niliwaeleza watu kwamba ananionea wivu, na waliniamini, maana nilikuwa nawaeleza marafiki zangu tu. Kilichonitoa ni kaseti. Jirani yangu mmoja alikuwa amerekodi usiku ule kwa redio yake, amekaa meza ya nyuma kabisa. Niliisikiliza nikiwa nimejiandaa kujitetea. Ilipofika kwenye seben, ile sehemu ya kucheza ambapo gitaa ndilo linaongoza, gitaa langu lilikuwa mbele ya ngoma kila mzunguko, kama ng'ombe aliyetoroka kundi. Nikazima. Nikawasha tena.

Nilikaa kwenye ridhimu karibu mwaka mzima. Pale huna pa kujificha: unarudia pigo lilelile dakika kumi, na ukiyumba wachezaji wanakuonyesha kwa miguu yao. Niliporudi kwenye solo vidole vyangu vilikuwa vilevile. Nilichokuwa nimejifunza ni kusubiri. Kiongozi yule sikuwahi kumshukuru, na hilo bado linanikera.

Habari ya miguu si ndogo. Kwako Igoma, Bujora ni mwendo mfupi wa daladala, pale Kisesa, ilipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Nenda mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, uangalie mashindano ya ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Fikiria kuwa manju wa kikundi, yaani kiongozi wa nyimbo, uko katikati ya wimbo, unaona umati unaanza kusogea upande wa pili. Hakuna anayekuja kukueleza sababu. Huna mtu wa kugombana naye. Inabidi uitafute mwenyewe: ni wimbo? Ni ngoma zimepoa? Au wenzako wameleta chatu na wewe umekuja na majembe yaleyale ya mwaka jana? Ngoma hizi zimeendelea kubadilika vizazi na vizazi kwa sababu watu wake walijifunza kusoma miguu ya watazamaji.

Wewe una bahati kuliko manju yule, umeambiwa kwa maneno. Na hapa kwetu kuambiwa kwa maneno ni nadra. Sisi ni watu wa adabu. Mtu akipiga vibaya tunamwambia "umejitahidi". Kanisani ni zaidi, kwa sababu anayekosoa anaogopa kuonekana anamvunja moyo mtumishi wa Mungu, basi utasikia "Mungu akuinue" kwa aliyepatia na kwa aliyekosea. Nimewahi kuiona kwaya ikiimba sauti ya tatu kimakosa miaka miwili, kila Jumapili ikipongezwa. Ukiuliza "nimepiga vizuri?" utaletewa hongera. Badili swali. Muulize mtu mmoja anayekaa mbele, "Ni wapi leo nimewaacha nyuma?" Swali hilo linamruhusu kusema kweli bila kukukosea heshima, kwa kuwa wewe mwenyewe umeshakubali kwamba mahali hapo papo. Na umchague mtu atakayekuwepo wiki ijayo kusikiliza tena. Anayesema akaondoka hawezi kujua kama umerekebisha.

Sasa mtandaoni. Umesema walikucheka, mimi nimesoma maoni yote 43. Mengi hayana cha kupima. "Bora ukauze dagaa" haisemi chochote kuhusu sauti yako wala gitaa lako, na inawatukana bure akina mama wanaosomesha watoto kwa biashara ile. Viatu vyako vimesemwa. Ukuta wa nyuma yako umesemwa. Hayo yaache yapite. Usiyajibu, na usiyarudie usiku ukiwa kitandani, nakusihi sana.

Kuna mwenzetu alisemwa kuliko wewe, tena kwa shairi. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, akawa anatembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Alipohamia mjini na jina lake likaanza kuvuma, wapo waliomtungia kejeli: lini huyu naye amekuwa mtu, ametoka shamba amevaa kaniki, kama si sauti yake angekula nini? Sikiliza kejeli hiyo kwa sikio la mwanamuziki. Imetaja shamba, imetaja mavazi, na ilipofika kwenye sauti imekwama ikasifu. Adui zake walitafuta mchanga kwenye uimbaji wake hawakuuona, wakabaki na kaniki. Yeye naye alijibu kwa kuimba, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Lakini kumbuka kwamba kabla ya yote hayo alikaa chini ya mwalimu, Muhsin Ali, akafundishwa kuimba. Aliyemrekebisha sauti alimsikiliza. Aliyemsema kaniki alimjibu kwa shairi. Hakuwaweka watu hao wawili kwenye kapu moja kama ulivyowaweka wewe mwalimu wako wa kwaya na huyo wa dagaa.

Katikati ya maoni yale 43 kuna moja uliloliruka. Mtu ameandika kwa kifupi: "anaimba chini ya gitaa." Hakucheka, hakutukana. Huyo amechota kiganjani na kutafuna. Nimesikiliza: kwenye kiitikio cha pili, noti ya juu kabisa inashuka kidogo chini ya mahali pake, na mwisho wa mstari mrefu inashuka tena. Ile ya kwanza ni kwa sababu wimbo uko juu mno kwako. Unauimba kwenye G kwa sababu G ni rahisi kwa vidole, na koo ndilo linalolipa gharama. Ushushe hadi F. Ukiogopa kodi za F, weka kapo, kile kibanio cha shingoni, kwenye nafasi ya kwanza halafu upige kwa maumbo ya E. Ile ya pili ni pumzi: unaivuta kifuani, na mabega nayaona yakipanda kwenye video. Vuta hewa tumbo lijae, kisha ukate pumzi katikati ya mstari, kabla haijakuishia. Hilo linarekebishika ndani ya mwezi.

Kaka yako yuko kwenye jambo jingine kabisa. Hajakosoa muziki wako. Anahofia kodi ya nyumba na kesho yako, na hofu hiyo si ya kijinga. Usibishane naye kuhusu sanaa. Nunua daftari, andika kila harusi: tarehe, ulicholipwa, nauli, nyuzi ulizonunua. Baada ya miezi sita mpe asome. Huenda hesabu ikampa yeye haki, na hapo utatafuta kazi nyingine ya mchana kama tulivyofanya wengi wetu. Kuwa na kazi ya mchana hakujawahi kumzuia mtu kupiga gitaa vizuri jioni.

Lipo na la kukataa, nisije nikakufanya utii kila neno. Miaka ya nyuma nilitunga wimbo wa kwaya nikautia ngoma na mwendo wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe. Wazee wawili wakasema naleta mambo ya kienyeji madhabahuni. Nilirekodi, nikasikiliza, nikawauliza waimbaji na waumini wa rika mbalimbali. Wimbo ulikuwa sawa, mwendo haukuyumba, maneno yalisikika, bibi zetu waliuimba kwa furaha. Nilikuwa nimekusudia kila kitu kilichomo. Niliwaeleza wazee kwa heshima, nikawaambia na Bujora ngoma zimo kanisani, na wimbo nikauacha ulivyo. Mmoja hakukubali mpaka leo, na bado tunasalimiana vizuri. Kilichomkera msikilizaji ukiwa umekikusudia, na umekipima ukakiona kinasimama, ni chako kukitetea. Kukimbiza wimbo hukukusudia. Hiyo ndiyo tofauti ninayokuomba uitazame kila mara.

Kuhusu kipaji, mwanangu, nimefundisha muda mrefu na nimeacha kuuliza nani anacho. Sina bakuli la kukipimia. Ninachotazama ni wiki ya tatu. Mwanafunzi akija na kosa lilelile alilokuwa nalo wiki ya kwanza, najua hajasikiliza. Akija na kosa jipya, nafurahi, kwa sababu lile la zamani ameliacha njiani. Wewe umenitumia video yenye makosa mawili yanayohesabika. Hujanitumia ushahidi wowote wa kukosa kipaji.

Basi shika gitaa leo. Baada ya miezi miwili sugu za vidoleni zitakuwa zimelainika, kwa hiyo dakika 20 kwa siku zinatosha wiki ya kwanza. Ukilazimisha saa mbili utapata malengelenge na kisingizio. Pakua metronomu kwenye simu, ile programu ya kugonga mapigo sawasawa, ziko nyingi za bure. Iweke mapigo 60, ufanye kuhama tu, kutoka G kwenda ile kodi unayoihofia na kurudi, bila kuimba. Ukihama safi mara kumi mfululizo, ongeza mapigo manne. Ukikosea, rudi manne. Mazoezi haya yanachosha na hayana sifa, hakuna atakayekuwekea moyo mwekundu mtandaoni kwa ajili yake. Ukifika 88, fanya hivi: iweke metronomu kwenye 44, na kila inapogonga ichukulie kuwa ni pigo la pili na la nne. Sasa pigo la kwanza na la tatu ni juu yako mwenyewe kuyaweka. Siku za mwanzo utapotea kila baada ya mizunguko miwili. Endelea, kwa sababu hapo ndipo kukimbiza kunapoishia.

Kila Jumamosi rekodi wimbo uleule, sasa kwenye F, simu ikiwa hatua tano mbele yako, kisha uhesabu sekunde 15 za mwanzo na 15 za mwisho. Andika namba hizo mbili kwenye lile daftari la harusi, ukurasa wa nyuma.

Na kabla ya Jumapili nenda kwa mwalimu wako wa kwaya, akiwa peke yake. Mwamkie. Mwambie umehesabu, umekuta 22 mwanzo na 26 mwisho. Kama neno lake mbele za watu lilikuumiza, mwambie na hilo, kwa utaratibu. Mtu mzima atalipokea. Kisha umwombe asimame mbele yako akupigie makofi wimbo mzima, naye asikufuate ukikimbia.